Mama Povu apika bia ya harusi ya bintiye

Ni Jumamosi asubuhi, na jikoni kwa Mama Povu hakuna pa kuweka mguu. Sufuria kubwa imejaa kimea cha shayiri kilichosagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto. Mvuke umepanda hadi darini, na harufu ya nafaka tamu imeshawafikia majirani. Mwenyewe, aproni kiunoni na mwiko mkononi, anakoroga huku akiimba kwa nguvu, na sauti hana.

"Leo sitaki mchezo," anasema. "Hii ni bia ya mwanangu."

Binti yake wa pekee anaolewa mwezi ujao, na mama aliahidi mbele ya wakwe kwamba bia ya wageni itatoka jikoni kwake. Bia huchukua wiki kadhaa kuiva. Hii ikiharibika, hakuna muda wa kupika nyingine. Na ya kwanza imeshaharibika.

Mama Povu ni dobi. Siku za kazi hufua mashuka ya nyumba za wageni, mwisho wa wiki hupika bia ya nyumbani. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi zote mbili. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri, mpaka familia ilipohamia nyumba hii. Bia nyeusi ilitoka kama kawaida, lakini ile ya rangi ya dhahabu, anayoipenda bintiye, ikawa kali ya kukausha ulimi.

"Nikamnunia muuza kimea wiki nzima, maskini ya Mungu," anasema, akicheka mpaka mwiko unatikisika. "Kumbe mchawi wangu ni bomba!"

Udobi ndio uliomfumbua macho. Sabuni ilikuwa ikigoma kutoa povu, na birika lilikuwa limeota ukoko mweupe ndani. Maji ya mtaa huu yana chokaa nyingi, na chokaa huua ule uchachu mdogo ambao kimea huuhitaji ili kitoe sukari yake vizuri. Kimea cheusi kina uchachu wa kujitetea. Cheupe hakiwezi.

Kwa hiyo sasa huchanganya maji ya bomba na ya mvua nusu kwa nusu, akatia jasi kidogo, unga wa mawe unaopunguza makali ya chokaa, na matone ya asidi, ileile inayochachusha maziwa. Kisha huchota kijiko cha maji ya kimea, akakipoza na kuchovya karatasi ya kupimia uchachu, ambayo hubadilika rangi.

Hapo ndipo anapokwama. Kwake yeye rangi ni nne tu, zilizobaki ni majina ya kuwatoza watu hela. Bahati nzuri mumewe ni fundi rangi.

"Fundiii! Njoo usome!"

Anakuja, rangi ya jana bado imemganda sikioni. Safari iliyopita, kwenye bia ya kwanza ya harusi, hakusubiri kuitwa. Mkewe alikuwa nje akianua mashuka, yeye akaingia, akapima, akaona bado, akatia asidi na kujiondokea kimyakimya, akidhani amemsaidia. Mkewe akarudi, akatia ya kwake bila kupima tena. Siku ya kuonja, binti alikunja uso.

"Mama, hii tunywe au tusafishie vioo?"

"Tulisingiziana siku mbili," anasimulia Mama Povu. "Yeye anasema mkono wangu mzito, mimi nasema macho yake yamezeeka. Halafu nikaona chupa ya asidi imepungua kuliko nilivyotumia. Nikamtazama. Akaanza kupiga mluzi!"

"Nilikuwa nakupunguzia kazi, mke wangu," anajitetea Fundi.

Tangu siku hiyo asidi haitiwi na mtu mmoja. Mmoja hushika chupa, mwingine hutangaza kila tone kwa sauti.

Fundi anaipeleka karatasi dirishani. Anaigeuza, anafinya jicho moja. Mama Povu ameacha kuimba.

"Bado ina ukijani. Matone mawili."

"Moja!" anapaza sauti mke, chupa ikiwa mkononi mwa Fundi.

"Moja nimeisikia!"

"Mbili!"

Wanakoroga, wanasubiri, wanachovya nyingine. Safari hii Fundi anaigeuza karatasi mara tatu, na mkewe ameshika aproni kwa mikono miwili.

"Hii hapa," anasema hatimaye. "Tano nukta tatu, kipimo tunachokitaka. Asiiguse mtu!"

Mama Povu anatupa mwiko na kumkumbatia, kimea na rangi vikachanganyika kifuani. Kisha anampigia simu bibi harusi.

"Asidi ametia nani?" sauti ya binti inasikika.

"Wote wawili, mwanangu! Kwa kelele!"

Ikitulia furaha, Fundi anatoa wazo. Anataka kuchanganya rangi ileile ya karatasi, aipake kwenye mlango wa kabati, ili mkewe awe analinganisha mwenyewe hata yeye akiwa kazini. Kopo na brashi ameshavileta.

Mama Povu anatikisa kichwa. Baada ya harusi anataka kuendelea kupika kila Jumamosi, ila kabati libaki kama lilivyo.

"Mtoto akishaondoka, tutabaki wawili humu ndani," anasema. "Ukipaka hiyo rangi, nitakuwa nakuitia nini?"

Fundi anafunika kopo. Anavuta kigoda, anakaa karibu na sufuria.