Mama Alipoanza Kusoma Landhi

Mwezi uliopita nilipitia Nakuru, nikasimama kwenye zile nyumba za reli tulizoziita landhi, nikitafuta mlango wetu. Mlango sikuuona. Lakini upepo wa ziwani ulivuma na vumbi lake lile lile, na mara nikasikia harufu ya mboga ya mrenda ikichemka. Ndugu yangu, tumbo lina kumbukumbu kuliko macho.

Miaka hiyo ya hamsini, baba alifanya kazi karakana ya treni. Mama alitoka kwao magharibi bila kukanyaga darasa. Tukirudi kutoka shule alituuliza neno moja tu: "Mmechapwa?" Tukisema hapana, basi, masomo yameisha, tukachote maji, tupepee jiko.

Kisha akina mama wa landhi wakaanza kufundishwa kusoma alasiri, kwenye ukumbi wa hapo landhi. Mama alitaka kwenda. Baba hakumkataza, ila aliuliza, "Na mtoto mchanga? Huyu msichana aache shule, amlee."

Msichana ni mimi. Nilikuwa darasa la pili.

Mama aliendelea kusonga ugali. "Mtoto nitambeba, baba watoto. Huyu akiacha shule, mimi nikikwama nitamuuliza nani?"

Baba akacheka, akanawa mikono. Nikabaki shule.

Basi mama akawa anarudi na neno jipya kama mtu aliyepata samaki mzuri sokoni. Analiandika kwa makaa kwenye sakafu ya saruji. "Nimepatia?" Nikisema hapana, anataka kujua kwa nini. Nami sikujua kwa nini! Kesho yake nikamuuliza mwalimu, na kesho kutwa tena, mpaka mwalimu akashangaa huyu mtoto bubu ameingiwa na nini. Kaka yangu mtoro naye akaanza kusogea. Aliogopa mama atampita.

Mama hakufika mbali. Alisoma nyimbo za kanisani na maandishi ya dukani, akaishia hapo. Lakini sisi sote tulimaliza shule. Watoto wa jirani, wenye akili kama zetu na mama mchapakazi kuliko wetu, waliacha mmoja mmoja. Kilichotubakiza shule ni zile herufi, au ni kule kuulizwa?

Wanawake wa ule ukumbi wameshatutoka, na mama pia. Ningempata hata mmoja wao, ningekaa naye chini anieleze: akifika nyumbani kwake na neno jipya, yeye alimuuliza nani?