Mama Nukta na Wiki ya Arobaini na Sita

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka ishirini na miwili, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Nukta. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijapanda mtamboni: vitabu vya risiti, mitihani ya shule, kadi za harusi, lebo za dawa ya mende. Alikaa kwenye kijichumba kilichobanwa kati ya stoo ya karatasi na choo, kalamu nyekundu nyuma ya sikio, na sifa zake zilienea tangu siku alipookoa kadi mia tatu zilizowaalika watu kwenye "sherehe ya doa". Kwa hiyo alijiona mjanja. Alikuja kulikiri hilo mwenyewe, tena kwa kicheko: alijiona mtu ambaye maandishi hayawezi kumchezea shere.

Simu iliingia Jumatano. Sauti tamu ya kike ikamwambia kwamba yeye na mumewe wamechaguliwa, miongoni mwa wengi, kusikiliza maelezo mafupi kuhusu nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Dakika tisini tu. Chai itakuwepo, na kila familia itaondoka na seti ya sufuria tatu.

"Ni wale wanaouza likizo," alimwambia mumewe jioni. "Unanunua wiki moja ya kila mwaka kwenye nyumba yao, wiki zilizobaki wananunua watu wengine. Sisi tunakwenda kunywa chai, tunachukua sufuria, tunarudi zetu."

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno ya kuhesabu, kwani nusu ya maisha yake aliimalizia ndani ya mashimo marefu yasiyo na wa kuongea naye.

"Sufuria tunazo," akasema.

"Hizi za bure."

"Haya."

Jumamosi wakajikuta kwenye ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni kama watoto wa ubatizo, baridi ya kiyoyozi ikiwapenya mifupani. Walipangiwa meza yao na binti wa mauzo, msichana mchangamfu aliyevuta kiti karibu kana kwamba ni mtoto wa dada yao.

"Mama, samahani, wewe ni mwalimu? Maana unavyosikiliza, unaonekana msomi kabisa."

Hapo ndipo alipoanza kulainika. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwambia anasikiliza vizuri. Kiwandani walimwambia afanye haraka. Akaeleza kazi yake. Binti akashika kifua kwa mshangao. Kila baada ya muda kengele ililia pembeni, maana yake meza fulani wamenunua, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mara ya kwanza Mama Nukta alibenua mdomo. Mara ya tatu alipiga makofi. Ya tano aligundua kwamba anawaonea wivu.

Alimfikiria mdogo wake, mwenye saluni, ambaye kila mwaka humtumia picha za miguu yake mwenyewe kando ya bwawa la kuogelea. Miguu tu, kucha zimepakwa rangi, na maji ya buluu nyuma. Mama Nukta akaitazama miguu yake chini ya meza. Akajisikia akisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiyejali: "Mdogo wangu, wiki hiyo sitapatikana. Nitakuwa kwenye wiki yangu." Wiki yangu! Maneno hayo yalimpanda kichwani kuliko pombe.

Dakika tisini zikawa saa tatu nzima. Bei ilitajwa, ikamtoa macho. Akaja meneja mwenye tai ya zambarau, akaikata hiyo bei kwa kalamu, akaandika nyingine, akaizungushia duara. Kwa bei hiyo, alisema, imebaki wiki moja tu kwenye nyumba nzima, wiki ya arobaini na sita, na kuna familia meza ya mbele inaiulizia.

"Leteni mkataba niusome," akasema Mama Nukta, na alivyolitamka neno "niusome" ungedhani hakimu ndiye anayeingia mahakamani.

Akavaa miwani. Akachomoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Kurasa nane, na ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na makosa sita. Basi tena! Ukumbi ukapotea, kengele ikapotea, hata mumewe akapotea. Aliyebaki ni yeye na kazi. Kifungu cha tisa kilisema ada ya matunzo inaweza kupandishwa kila mwaka kadiri kampuni itakavyoona inafaa; akaona katikati pale panahitaji mkato, akauweka. Kifungu cha kumi na moja kilisema "mnunuzi hataruhusia kujitoa". Akaongeza w iliyosahaulika, ikasomeka "hataruhusiwa kujitoa", akaridhika, akafungua ukurasa mwingine. Yaani kitanzi alikiona kimelegea, akakikaza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakipiga pasi.

"Hakuna mteja aliyewahi kuusoma mkataba wetu kwa makini namna hii," alisema meneja, na safari hii hakuwa anadanganya.

Mama Nukta akaona haya kama mwari. Akaishusha kalamu kwenye mstari wa sahihi.

"Samahani mama, sahihi iwe ya wino wa buluu au mweusi," meneja akasema, akageuka kutafuta kalamu. Binti naye akainuka kumsaidia.

Mumewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakitazama kiyoyozi kwa jicho la kifundi, akasafisha koo.

"Mama watoto, wiki ya arobaini na sita ni mwezi gani?"

Hakujua. Msomi hakujua. Walifungua kalenda ya simu wakahesabu pamoja, kidole kwa kidole, wakapotea mara moja, wakaanza upya. Ikaangukia katikati ya Novemba.

"Novemba," akasema polepole.

"Novemba si ndiyo ya kalenda?"

Ndiyo ya kalenda. Ndiyo ya kalenda, shajara na kadi za mwisho wa mwaka, mwezi ambao kiwandani hata kuumwa hakuombewi ruhusa, na yeye huota tarehe usingizini. Alikuwa anakaribia kununua, kwa miaka ishirini na mitano, wiki ya mwezi pekee ambao hawezi kwenda popote.

Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamwagika, mpaka meza ya jirani wakadhani amenunua na mmoja akaanza kupiga makofi.

Meneja aliporudi na kalamu ya buluu alielezwa. Alisema kuna ada ndogo tu ya kubadilishana wiki na wenzao. Mama Nukta akageuza kurasa, akasoma tena vifungu vya tisa na kumi na moja, safari hii kama mtu atakayelipa, na jasho likamtoka humohumo kwenye baridi. Akasema wanakwenda kufikiria kwanza. Tabasamu likakunjwa kama kitambaa cha meza. Sufuria walipewa, mbili. Ya tatu, waliambiwa, imeisha.

Jumatatu kiwandani alianza kusimulia jinsi alivyowashinda matapeli, na wenzake wakamsifu. Sifa hizo zilimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima. Ilipofika saa nne, kwenye chai, alishindwa kuvumilia, akatoboa yote: makofi, miguu ya mdogo wake, ile w. Fundi wa mtambo alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Lakini hadithi haikuishia pale, kwa sababu alisema atafikiria. Binti wa mauzo humpigia kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

"Mwambie hutaki, yaishe," mumewe humwambia.

"Nitaanzaje? Juzi amenieleza mtoto wake anaota meno, halali."

"Sasa ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ampe kitu cha baridi atafune." Akashusha sauti. "Na kwamba bado tunafikiria."