Bwana Kuramochi Anaomba Giza

Ulikuwa mwaka wa ishirini na nane wa Heisei, enzi ya mfalme wa Japani wa wakati ule. Hapana, nakosea, ulikuwa wa ishirini na tisa, maana ule wa ishirini na nane theluji ilituangukia Novemba na watu wa mji wetu wa Kiryu wakajifungia ndani na majiko yao ya mafuta ya taa. Basi ni wa ishirini na tisa, Novemba vilevile, mbingu safi, na Kuramochi Isao wa idara ya maji alikuwa anatafuta giza.

Si kwamba Kiryu hakuna giza. Viwanda vya hariri vilipofungwa, mitaa mizima iliachiwa giza la bure. Lakini Kuramochi alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kwa idhini.

Aliishi na Sayoko, aliyefanya kazi kwenye kliniki ya meno. Mchana alishika mrija wa kunyonya mate vinywani mwa watu, jioni alishona mavazi ya kosupure, ule mchezo wa watu wazima kuvaa kama mashujaa wa katuni, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani wameridhika. Mwaka ule alikuwa ameshona jemadari wa jeshi la kunguru: koti jeusi, mbawa za manyoya, wigi la rangi ya fedha linalofika kiunoni. Mbawa zilikuwa zikining'inia bafuni tangu kiangazi, na Kuramochi alishazoea kuoga ameinamisha kichwa.

Mpiga picha alikuwa yeye Kuramochi, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Picha zake zote zilitoka nyeupe pee, kila kitu kinaonekana mpaka vifungo. Sayoko alizitazama zile za mara ya mwisho, akasema, "Hizi ukizipeleka wanapotoa leseni za udereva, watazipokea."

"Si zimetoka wazi?"

"Wazi mno, Isao. Mimi ni jemadari wa usiku. Safari hii nataka giza, na taa moja tu kwa nyuma. Ukishindwa, nitamwomba Ashizawa."

Ashizawa alikuwa mdogo wa yule daktari wa meno aliyemwajiri Sayoko. Alikuwa na lenzi nene kama chupa ya chai na gari lisilosikika likija. Kuramochi alilala na jina hilo kifuani kama mtu aliyekula vibaya.

Wakakaa kupanga, miguu imefunikwa blanketi chini ya meza ya joto, maganda ya machungwa yakirundikana juu ya ramani. Mahali palipatikana: nyuma ya kiwanda kikongwe chenye paa la meno ya msumeno, kando ya mfereji. Mwenye kiwanda alikubali kwa simu. Siku nayo ikapatikana, Jumamosi isiyo na mwezi, mara tu baada ya chakula cha jioni. Sayoko atavalia garini, maana kutembea barabarani na mbawa ni kukosa adabu.

"Tunafika, tunapiga, tunaondoka," alisema Sayoko.

"Na majirani?"

"Majirani wa nini? Wako kwenye televisheni zao."

"Wataona mwanga washtuke. Lazima tukawaombe radhi mapema."

"Kwa kosa gani?"

"Tutakalokuja kulifanya."

Sayoko akamenya chungwa jingine. Naye alilelewa hivyohivyo. Hakuwa na pa kumkatalia.

Basi Kuramochi akavaa suti, akanunua biskuti za mchele, kila boksi limefungwa karatasi yenye jina lake, akaanza kubisha milango. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja, Bibi Tokue.

"Usumbufu wenyewe ni upi, bwana?"

"Kupiga picha, bibi. Gizani. Tutajitahidi tusipige kelele."

"Giza kabisa?"

"Kabisa, bibi. Samahani sana."

"Na mfereji je? Marehemu mume wangu alitumbukia mle, tena mchana."

"Tutaangalia, bibi."

"Hata yeye alisema hivyo."

Kabla boksi la mwisho halijafika linakokwenda, habari zilishafika kwa Mzee Hoshina, mwenyekiti wa mtaa, ambaye majira ya baridi huongoza doria ya moto, akigonganisha vijiti vya mbao na kuwakumbusha watu kuzima majiko. Sherehe ya kiangazi ilikuwa imevunjwa na kimbunga. Tangu hapo mwenyekiti hakuwa na cha kusimamia, na mikono ilikuwa inamwasha. Kuramochi akaitwa ukumbini. Aliwakuta wazee wa mtaa wameketi mkekani, biskuti zake ziko katikati, zinaliwa.

"Bwana Kuramochi, hakuna anayepinga," alisema Mzee Hoshina. "Elewa hilo kwanza."

"Nashukuru sana, Bwana Mwenyekiti."

"Ni usalama tu. Mtaa huu haujawahi kupata ajali ya picha."

"Tuweke taa kando ya mfereji," alisema mmoja. "Ndogondogo."

"Ndogo ya nini, na macho yetu haya?" alisema Bibi Tokue. "Wekeni zile za sherehe. Na supu. Yule binti atapigwa na baridi."

Kuramochi alitaka kusema kwamba giza ndilo lililomleta. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini watu walishasema watasaidia, na huko alikozaliwa mtu wa namna hiyo hupewa jibu moja tu, shukrani. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mnatuhangaikia mno," alisema.

Nyumbani Sayoko akamuuliza, "Wamekubali?"

"Wamekubali sana."

"Sana namna gani?"

Kuramochi akaenda kuoga.

Jumamosi, gari lilipokata kona ya kiwanda, palikuwa peupe kama ukumbi wa harusi. Taa zilipangwa mfereji mzima. Hema lilisimikwa, sufuria ya supu ya nguruwe inafuka moshi. Wazee wawili wenye fulana za kumetameta walikuwa wakiongoza magari kwa fimbo nyekundu, na gari lilikuwa hilo moja tu.

Sayoko alizikusanya mbawa zake magotini. Kisha akasema polepole, "Nenda kamwambie mwenyekiti azime. Neno moja tu, Isao."

Kuramochi akashuka. Mzee Hoshina alikuwa amesimama ngazini, kijasho kinamtoka, anafunga waya.

"Bwana Mwenyekiti," alisema Kuramochi. "Hizi taa."

"Zinatosha?"

Akamtazama mzee, akautazama ule waya, akageuka kuliangalia gari.

"Ni nzuri mno," alisema, akainama.

Mzee Hoshina alifurahi, akaongeza nyingine.

Sayoko alishuka, akapigwa picha na mtaa mzima mmoja mmoja, Bibi Tokue mara mbili. Alikunywa supu, akashukuru kila mtu kwa jina. Njia nzima ya kurudi alikuwa akichomoa pini za wigi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na Ashizawa kwenye reli iliyoachwa, huko mlimani. Picha ilirudi nyeusi tii, ukingo wa bawa peke yake ndio unaowaka, na jicho moja. Aliibandika ukutani juu ya televisheni. Kuramochi alisimama mbele yake muda mrefu, chai inapoa mkononi. Ilikuwa nzuri, hata yeye aliliona hilo.

"Na majirani wa kule," aliuliza mwishowe, "nani alikwenda kuwaomba radhi?"

Sayoko alikuwa anachana wigi. Aliendelea kuchana.