Chungu Kilichokwepa Moto

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Pujini kwa msiba wa Riziki, mwenzangu niliyekua naye. Mjukuu wangu alinichukua kwa pikipiki kutoka Madungu, nikamwambia asimame kidogo pale bondeni tulipokuwa tukichimba udongo wa vyungu. Shimo limefukiwa, juu yake pamepangwa matofali ya saruji. Nikasimama pale, nikasimama, hata mjukuu akaingiwa na wasiwasi. "Bibi, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu, twende.

Basi nikuhadithie. Chuo cha Kurani sikukaa sana, lakini jina la mtu halinipotei. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mize, ndiye aliyekuwa fundi, na mie na Riziki wanafunzi wake. Bi Shara, Bi Hadia na Mwanaisha, Mungu awarehemu, walikuja na vyungu vyao siku ya kuchoma.

Udongo tuliutwanga, tukautoa vijiwe, tukaukanda mpaka ukalainika. Chungu hukifinyanga kwa mkono, ukakisugua kwa kombe, gamba la pwani, ukakianika kivulini siku kadhaa. Hapo hapana neno. Neno liko motoni. Vyungu hupangwa uwanjani, vikafunikwa kuni na makumbi ya nazi, vikawashiwa moto. Moto ukishapoa, kila mmoja hufukua chake mwenyewe, wenziwe wote wakimtazama. Hakuna pa kuficha uso.

Changu cha kwanza kilitoka vipande viwili. Riziki akapiga kigelegele: "Hongera, mwenzetu kajifungua mapacha!" Cha pili kikatoka vigae vitupu. "Ee, safari hii kazaa mtaa mzima!" Wakacheka hata Bi Shara akakaa chini kwa kushika mbavu. Bibi naye alicheka. Kicheko kile nilitembea nacho siku nyingi.

Cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote, na kwa uzuri wake nikakiogopea zaidi. Siku ya kuchoma nikakificha nyuma ya banda. Moto ulipofifia, wenzangu walipokwenda zao kusali alasiri, nikakipaka masizi, nikakifukiza kwa makuti, nikakipenyeza katikati ya vilivyoiva. Bibi alikuwa na desturi ya kukigonga chungu kwa kidole asikie kinavyolia. Siku ile macho yake mabovu yaliona kizima tu, furaha ikamsahaulisha kugonga. "Hichi kyungu kyako? Alhamdulillahi, mwanangu!" Nikanyamaza hata alipokichukua akampelekea Bi Time, jirani yetu, aliyekuwa na hitima, kisomo cha marehemu mumewe, kesho yake. "Pikia mchuzi, kimefinyangwa na mjukuu wangu huyu."

Kesho yake waume wamekaa kwenye majamvi, kisomo kinakaribia kwisha. Kule jikoni mchuzi wa samaki ulikuwa haujachemka sawasawa, chungu kikalainika, kikakaa kitako mafigani kama uji. Nazi, samaki, vyote majivuni, na moto ukazimika. Bi Time hakupiga kelele. Alichuchumaa na kizoro, ushungi wake wa eda, akaokota samaki mmoja mmoja, machozi yakimtiririka. Wageni wa marehemu wakala wali mkavu.

Maneno yakaanza papo hapo. "Bi Mize kazeeka, siku hizi anatoa vyungu vibichi." Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia, anaitazama mikono yake. Ndipo nikasema mbele ya wote: "Si yeye. Ni mie. Hakikuingia motoni."

Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka nyumbani, akaniambia neno moja: "Motoni kingekupasukia weye peke yako. Sasa kimempasukia mwenye msiba."

Uchomaji uliofuata nilikipanga changu mwenyewe. Moto ulipopoa nikafukua: kimepasuka ukingoni. Nikakinyanyua juu ya kichwa wakione wote, hata kabla Riziki hajafungua kinywa. Wakacheka, nikawaacha wacheke, nikarudi bondeni kuchimba udongo mwengine. Cha sita ndicho kilichotoka kizima.

Lakini Bi Time hakupokea tena chungu kutoka kwetu, na wengine wakamfuata. Bibi alikufa vyungu vyake vimepangwa ukumbini, havina wa kuvipokea. Baadaye sufuria zikajaa madukani mjini Chake, na wale wanawake wakaondoka duniani mmoja mmoja. Riziki ndiye wa mwisho.

Mie bado hufinyanga mara moja moja, uani hapa Madungu. Mkono hauna nguvu, na kuni siku hizi shida, vingi vinapasuka. Siogopi tena chungu kupasuka. Nakifukua mimi, naokota vigae mimi. Wajukuu zangu wana adabu: huniambia, "Pole, bibi," wakaendelea na simu zao. Hakuna hata mmoja anayecheka.