Viatu Vyeupe kwenye Tope la Kasomeno

Kuna siku moja naikumbuka kila nikiona viatu vyeupe, mwanangu. Nilikuwa kijana, mfanyabiashara mpya, nikileta Lubumbashi mzigo wangu wa kwanza wa samaki kutoka Kasenga. Nami nilivaa viatu vyeupe pe. Safari ya samaki! Cheka tu, hata mimi nacheka.

Kabla hatujaondoka, Mama Honorine, muuza samaki aliyepanda lori letu na vikapu vyake, aliomba tusali. Nikamjibu kwamba gari linakwenda kwa mafuta. Karibu na Kasomeno mvua ikatushukia, magurudumu yakazama, barafu ya kuhifadhi samaki ikaanza kuyeyuka. Samaki wakioza, nimekwisha, na yule mama vilevile.

Abiria wote walishuka. Walisali kidogo, kisha wakaanza kusukuma huku wakiimba. Mimi nilibaki ndani kando ya dereva, nikitoa amri dirishani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini Mama Honorine hakuwa na muda wa kungoja. Alikuja kufungua mlango, tope hadi magotini, akaniita bosi kwa Kifaransa.

"Patron, shuka."

"Mama, kusukuma haiko kazi yangu."

"Mutoto yangu, tangu asubuhi miye naombea gari, kumbe ilifaa niombee weye. Mungu anasaidiaka muntu mwenye kushuka. Shuka!"

Niliona haya hadi masikio yakaniwaka moto. Nikashuka, na tope likanila kiatu kimoja palepale. Nikapiga magoti humo humo, nikamwambia Mungu, "Nimeshindwa, nisaidie." Sikuwa nimeyasema maneno hayo tangu nianze kujiita mtu mzima. Kisha nikatia bega langu kati ya mabega ya akina mama. Tulikata matawi tukayaweka chini ya magurudumu, tukasukuma, tukaanguka, kiatu cha pili nacho kikazama, tukasukuma tena. Lori likatoka. Ule wimbo niliokuwa naudharau niliuimba kuliko wote, nikicheka na kulia.

Samaki wengine waliharibika. Lakini furaha niliyoingia nayo mjini, miguu peku, sijaipata kwenye faida yoyote.

Basi, mwanangu ninayekupenda, wewe uliyeanza kufanikiwa: kidole kimoja hakivunji chawa. Mwombe Mungu kabla hujakwama, wala usione haya kusukuma pamoja na watu wake. Anayejibeba mwenyewe huchoka, na aliyechoka haimbi. Mungu akupe njia nzuri. Na siku atakapokupitisha kwenye tope, akupe moyo wa kushuka mapema kuliko mimi.