Juma la Sulemani

Koti la sufu likilowa mvua, kisha likaanikwa juu ya hita, hutoa harufu ya mbwa aliyeogeshwa kwa sabuni ya kufulia. Nikiisikia mahali popote, kwenye basi au kwenye chumba cha kungojea daktari, narudi Edmonton, kaskazini mwa London, sebuleni kwa Shangazi Eliza, Jumapili mchana. Vyombo vimeshaoshwa. Sisi watatu tumekaa kwenye kochi kwa kufuatana na umri, tunangoja kupewa zoezi.

Msidhani ni zoezi la hesabu. Lilikuwa zoezi la Neno.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yetu. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata, na Shangazi akaja Lewisham kutuchukua akiwa na mifuko myeusi ya takataka, ambamo tulitia nguo zetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, ndugu yangu Mwadime tisa, na Wakesho ndiyo kwanza ametimiza mitano. Kwenye treni alituambia maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga tangu nyumbani kwake. "Mimi si mama yenu na sitajifanya. Nitawapa paa na nitawapa Neno. Vingine ombeni kwa Mungu."

Hakusema uongo. Paa tulipata, na Neno tulipata hadi likatutokea puani.

Desturi yake ilikuwa hii. Kanisani kwetu masomo yalifuata kalenda, kutoka Majilio hadi Majilio. Watu wengine walilisikia somo la Jumapili, wakasema amina, wakaenda kula wali. Shangazi alilibeba nyumbani. Aliamini kwamba somo lisilotendwa kabla ya Jumapili inayofuata ni chakula kilichomwagwa, na kwamba watoto wanaozaliwa huku baridini wana Biblia nzima kwenye simu na hawana hata mstari mmoja mikononi. Basi kila Jumapili alitukatia somo vipande, kila mtoto na chake, nasi tulikiishi juma zima. Nikiwasimulia watu haya wanacheka. Hata mimi hucheka nao, mpaka nifike mahali fulani.

Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, yalipoanza somo lilikuwa kukesha. Tuliambiwa Bwana anaweza kuja wakati wowote, kwa hiyo tulikula tumevaa makoti na tulilala na viatu. Shangazi alikuwa anakaanga vitunguu, mara anapaza sauti, "Anakuja!" nasi tulitakiwa tuwe tumesimama mlangoni kabla hajageuza mwiko. Aliyechelewa alifungiwa nje, kwenye ngazi, mpaka wengine wamalize kula, kama wale wanawali walioishiwa mafuta. Wakesho ndiye aliyechelewa kila mara. Alikuwa hajui kufunga kamba za viatu, na alikuwa na tabia ya kuvivua akicheza. Nikaanza kuchelewa makusudi ili nikae naye kule nje. Shangazi hakukawia kuligundua.

"We Mshai," akasema, "wanawali hawakugawana mafuta. Ingia."

Akanivuta ndani kwa mkono wa sweta, akamwacha mtoto palepale.

Kabla ya Krismasi likaja somo la Zakaria, yule kuhani aliyefungwa ulimi kwa kutoamini. Mimi nilikuwa nimeuliza kama Krismasi tungekwenda kaburini kwa mama. Shangazi alisema tutaona, nami nikajibu kwamba akisema tutaona huwa hatuendi. Ulimi wangu ukafungwa juma zima, nyumbani na shuleni. Mwalimu aliponiuliza jambo darasani nilimtazama tu. Alidhani ni majonzi, akanipa biskuti na kitabu cha kupaka rangi, cha watoto wadogo. Kaburini hatukwenda.

Mwadime aliangukiwa na mikate mitano na samaki wawili. Kila asubuhi alipewa mkate wake wa mchana, akaagizwa amgawie mtoto mwingine shuleni, aone kama hautaongezeka. Ndugu yangu alikuwa mtu wa kuamini mambo. Alirudi midomo imemkauka.

"Haukuongezeka, Shangazi."

"Uliutazama?"

"Niliutazama."

"Ndiyo maana."

Tulicheka chumbani hadi mbavu zikauma, huku Mwadime akitafuna nusu ya chapati niliyomfichia ndani ya soksi. Wakesho alicheka kuliko sisi, ingawa nadhani hakujua tunacheka nini.

Siwezi kusema kwamba Shangazi alitutwika mzigo ambao yeye hakuugusa. Alikuwa anatunza wazee, kazi ya kuinua watu wazito kutoka kitandani, na Kwaresima alifunga huku akiinua. Alhamisi Kuu alitoka kazini mikono ikinuka glavu, akajaza beseni, akapiga magoti, akatuosha miguu mmoja mmoja. Maji yalikuwa ya moto mno, na alisugua kwa ile brashi ya sufuria. Wakesho alipolia, Shangazi alisema hata Petro alikataa mwanzoni. Lakini alipiga magoti, na magoti yake yalikuwa mabovu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mnafiki.

Kufikia majira ya joto nilikuwa nimefundwa. Kasisi alikuwa hajafunga kitabu, mimi nimeshajikatia kipande changu.

Wakati huo ndipo yule tuliyemwita Mama Ilford na mumewe walipoanza kuja kwetu kila Jumapili. Walikuwa Wakenya wenzetu, watu wa kanisa, wenye nyumba yenye bustani kule Ilford, na hawakujaliwa mtoto. Walikuja na zawadi moja tu, ya Wakesho. Mara gauni, mara farasi wa plastiki mwenye nywele ndefu za waridi, aliyelala naye tangu siku hiyo.

"Mashavu haya ni ya kwetu kabisa," Mama Ilford alisema akimpakata. "Baba, tazama. Sijafanana naye?"

"Wewe umefanana na kila mtoto mzuri," mumewe alijibu.

"Na mimi je, sijafanana naye?" Mwadime alininong'oneza. Nikamkanyaga mguu.

Siku moja nikiwa nafuta sahani nilisikia mazungumzo yao na Shangazi. Huyu mdogo tutamuweza, Mama Ilford alisema. Hawa wakubwa wameshakuwa na kichwa chao. Wageni walipoondoka nikamwendea Shangazi nikamwambia kwamba mama, siku za mwisho, alinishika mkono akasema tusitengane.

"Mama yako alisema, akaenda zake," Shangazi akajibu, bila kuacha kukunja nguo. "Niliyebaki kupika ni mimi. Nyumba hii ni vyumba viwili, na mgongo wangu ni mmoja. Jumatano anakuja sosho."

Sosho ndivyo tulivyomwita afisa wa ustawi wa watoto. Shangazi alinieleza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, kwamba sosho ataniuliza mimi, mkubwa. Nikikataa, jambo litakuwa zito, huenda lisiwe kabisa. Nikamwambia nitakataa. Akasema, "Haya," akaendelea na nguo zake.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa la wale wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani. Mnalijua. Mtoto mmoja, wanawake wawili, kila mmoja anasema ni wangu. Mfalme anaagiza upanga, mtoto akatwe, wagawane. Mmoja anasema sawa. Mwingine anasema hapana, mpeni yule, ilimradi aishi. Naye mfalme anamjua mama kwa neno hilo, na mtoto anarudishwa mikononi mwake.

Niliketi pale kwenye benchi. Upande wangu wa kushoto alikuwa Wakesho. Upande wake mwingine alikuwa Mama Ilford, amemshika mkono.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, Shangazi hakutupa zoezi. Wageni walikuwepo, chakula kilikuwa kingi, Wakesho alipitishwa pajani kwa huyu na yule. Nilipokuja kuchukua sahani yake Shangazi alinitazama, akasema tu, "Somo umelisikia."

Nililisikia. Kwangu halikuwa na giza hata kidogo. Mfalme ni Shangazi. Mwanamke mwingine ni Mama Ilford. Na mimi, nilivyokuwa nimekaza shingo niseme hapana, huyu ni wetu, nilikuwa karibu kulijibu swali kama yule mwongo. Mama wa kweli huachia. Akishaachia, hupewa. Tangu Majilio nilikuwa nimefundishwa kwamba Neno halitazamwi, linatendwa. Mwadime alitazama mkate, nao haukuongezeka. Mimi sitatazama.

Jumatano sosho akaja, mwanamke kijana, kofia ya baiskeli mkononi. Alikunywa chai yetu na kuisifu. Wakesho alikuwa amekaa kwenye zulia, anamchana farasi wake nywele. Sosho aliniinamia akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole kana kwamba nimeingia nchini jana, mimi dada mkubwa naonaje.

"Acha aende nao," nikasema. Nilisema kwa Kiingereza safi, sauti imenyooka, kama msomaji wa somo kanisani. "Awe wao. Mimi sina neno."

Kisha nikageuka kumtazama Shangazi, nikangoja.

Shangazi alikuwa amechovya biskuti kwenye chai, nayo imekatika. Alikuwa anaivua kwa kijiko. Alipoipata alimwambia sosho, "Umemsikia. Hata dada yake amekubali."

Sosho akanishika bega, akasema hilo ni jambo la kiutu uzima sana.

Sikukata tamaa. Nilijua wafalme huchukua muda. Ijumaa nilimfungia Wakesho nguo zake, na sweta nzito sikuzitia, maana angekuwa amesharudi kabla ya baridi. Mwadime alisimama mlangoni akinitazama.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Ngoja," nikamwambia.

"Ningoje nini?"

"We ngoja tu."

Jumamosi gari la Ilford lilikuja. Wakesho hakulia. Alipanda nyuma na farasi wake, akafungwa mkanda, akatazama mbele.

Mwanzoni tulimtembelea. Kisha wale watu walipata kazi mji wa mbali, kaskazini, wakahama. Simu zikawa za Kiingereza, kisha zikawa fupi, kisha zikawa za Krismasi. Sweta zake zilikaa kabatini mpaka nikajua hazimtoshi tena. Nilipofikisha umri wa kuacha shule niliacha, nikaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, kwa shabaha moja tu, nipate mahali pangu niombe arudishwe kwangu. Nikapapata. Mwadime akahamia kwangu, tukaweka kitanda cha tatu, tukakitandika. Maafisa wa ustawi walikwenda kumuuliza Wakesho mwenyewe. Wakasema amesema yuko sawa alipo. Kitanda nilikiacha kimetandikwa, na nilibadilisha mashuka yake kila Jumamosi pamoja na yetu, miaka yote ile.

Shangazi alipostaafu nilimuuliza. Tulikuwa jikoni kwake, tunachambua mchicha. Nilimuuliza kama juma lile la Sulemani alikuwa ananijaribu, na nilikosea wapi.

Alifikiri kwa uaminifu. "Juma lile?" akasema. "Juma lile tulikuwa na wageni, mwanangu. Sikuwapa zoezi."

Ndiyo mara ya pekee aliyopata kuniita mwanangu.

Mwaka jana Wakesho alikuja mwenyewe. Alikuwa na kazi ya siku chache London, akatafuta anwani, akabisha. Mwanamke mrefu, mashavu ya mama. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Alikula ugali kwa uma. Alipomaliza aliniuliza jambo lililomleta. Wazazi wake, ndivyo alivyowaita, walimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema achukuliwe. Je, ni kweli?

Nikasema ni kweli. Kisha nikamweleza yote: Shangazi, viatu, mkate, wale wanawake wawili, mfalme niliyemngoja. Hakuwa amekulia katika nyumba ya masomo. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa ajali ya watu wengine. Niliposema mama wa kweli huachia, akainua mkono.

"Na mtoto?" akauliza. "Wakati mama yake anasema mpeni yule, mtoto alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshikwa na askari. Mbele ya mfalme."

"Palepale?"

"Palepale."

"Basi alimsikia," akasema.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya somo hilo. Huhubiriwa hekima ya mfalme, upendo wa mama, ubaya wa yule mwingine. Mtoto hahubiriwi. Hata mimi, siku ile, nilimhesabu Shangazi, nikamhesabu sosho, nikamhesabu Mungu, na yule aliyekaa kwenye zulia miguuni pangu sikumhesabu, kwa sababu kwenye somo yeye ni kitu cha kugombewa. Kilichonichukua miaka yote hii kukiona ni kidogo sana. Mtoto wa lile somo alikuwa mchanga wa siku chache, hajui neno hata moja. Wa kwangu alikuwa na miaka mitano, na nilisema kwa lugha ambayo aliijua kuliko sote.