Shahidi Asiyekuwa na cha Kuapia

Sikuacha dini kwa hasira. Iliniponyoka tu, kama sabuni mtoni, na nilipoinama kuitafuta niliona sina haja nayo sana. Baba yangu alikuwa Mmanyema aliyevuka ziwa na mizigo ya watu, akatua Rumonge akiwa na kanzu moja na sala tano. Kanzu nilirithi.

Miaka hiyo ya Mdachi, Rumonge ilikuwa na Mungu wa kila namna. Waislamu walikuwa na msikiti wa udongo na mwalimu wake. Wakristo walikuwa na mkatekista, kijana wa padre, aliyesomesha chini ya kibanda cha majani. Watu wa milimani walikuwa na mzee wao wa tambiko la Kiranga, mwenye mkuki usioguswa. Watatu hao walikuwa hawasalimiani. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona nyavu ufukoni. Ijumaa mchana, watu wakienda kusali, nilibaki peke yangu na kunguru.

Ndivyo nilivyomwona tajiri wa chumvi akiiba mtumbwi.

Tajiri huyo alikuwa na alama ya sijda katika paji la uso, nyeusi na pana, utadhani alizaliwa amesujudu. Mwadhini alikuwa amekwisha kunyamaza. Akaja na watumishi wawili, wakausukuma majini mtumbwi wa jirani yangu, mjane wa rafiki yangu, wakapiga kasia kuelekea Minago. Aliniona. Akanipungia mkono kwa upole, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Mjane aliishi kwa mtumbwi ule. Aliwapa wavuvi, wakamletea sehemu yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, akaanika, akauza. Jioni alikuja mbio.

"Shemeji, mutumbwi wangu iko wapi?"

Nikamwambia. Alikaa mchangani. Halafu akamtaja Mungu wa Warundi, "Imana atanilipia."

"Mwombe Imana," nikamwambia, "lakini Mdachi akija, twende kwake."

Wiki hiyo bwana mkubwa wa Kidachi alikuja kutoka Usumbura kusikiliza mashauri. Aliketi kivulini, bendera ya Kaisari nyuma yake, mkalimani wa Rumonge kando, askari na kiboko mbele. Tajiri alisema mtumbwi ni wake, aliununua Uvira, na Ijumaa hiyo alikuwa msikitini, safu ya mbele, na watumishi wake nyuma yake.

Mwalimu wa msikiti akaitwa. Tajiri alikuwa amemwahidi mikeka mipya, na ile ya zamani kweli ilikuwa imebaki nyuzi. Mwalimu aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba bega la tajiri liligusa lake. Nyuma yake watu wa safu ya pili hadi ya mwisho wakaapa vilevile. Kisha mkatekista akabusu msalaba, akaapa kwamba alipita karibu na msikiti akasikia sauti ya tajiri ikisema "Amina" kwa nguvu kuliko zote. Nyumbani kwake wiki hiyo chumvi haikukosekana. Mwisho mzee wa Kiranga akashika mkuki wake, akaapa kwamba yeye hakuwapo, lakini mizimu yake ilikuwapo, nayo ilimwona.

Dini tatu zilizoshindwa kukubaliana hata juu ya nyama ya nguruwe zilikubaliana siku hiyo bila shida yoyote.

Nikaitwa mimi.

"Wewe dini gani?" mkalimani akauliza.

"Sina."

Alinitazama, akanong'ona, "Usiniletee matata. Kila mutu iko na dini. Nimwambie nini bwana mkubwa?"

"Mwambie sina, ila nina macho."

Akatafsiri huku jasho likimtoka. Mdachi alivua kofia, akaivaa tena. Akauliza: mtu asiyemwogopa Mungu, atamwogopa nani akisema uongo?

"Kiboko chako, bwana mkubwa," nikajibu.

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mdachi hakucheka. Akasema basi niape kwa Kaisari. Ningeweza kuapa, yakaisha. Lakini nilikuwa nimesikia viapo vingi mno asubuhi ile, na ulimi ukanitangulia.

"Huyo naye sijamwona."

Nililazwa chini nikachapwa mbele ya watu wote. Niliwahesabu waliogeuza uso, hawakuwa wengi. Ushahidi wangu ukatupwa, mtumbwi akapewa tajiri. Mjane alinipaka mawese mgongoni, akanitukana kwa Kirundi na kunishukuru kwa wakati mmoja.

"Ungeapa tu, shemeji. Uongo mudogo."

"Wao walikwisha kuumaliza wote," nikasema.

Tajiri akarudisha mtumbwi Rumonge, akaufunga mbele ya macho yetu. Lakini alikuwa amejifunga na yeye. Mji mzima uliapa kwamba hakosi Ijumaa, kwa hiyo asingeweza kukosa. Ijumaa iliyofuata alikuwa safu ya mbele kweli, na watumishi wake nyuma yake, maana hata hao walikuwa wameapiwa.

Mwadhini aliponyamaza, mjane alishuka ufukoni na kaka yake aliyetoka Gitaza. Wakafungua kamba. Mimi nilikuwa nashona. "Amahoro, shemeji," akaniaga, wakapiga kasia kwenda kaskazini, wala hawakuwa na haraka.

Tajiri alinijia kabla vumbi la sijda halijamtoka usoni.

"Umemwona aliyeuchukua?"

"Nimemwona vizuri sana."

"Twende kwa mkalimani ukaseme!"

"Nitaapa kwa nini, tajiri?"

Alinipa mgongo. Akazunguka mji mzima akitafuta shahidi, na kila aliyemkuta alimjibu kwa unyenyekevu kwamba saa ile alikuwa anasali. Safari hii walisema kweli. Kwa hasira akawanyima mikeka.

Mjane alibaki Gitaza. Aliniletea kikapu cha ndagala na salamu kwamba ananiombea. Ndagala nilikula zote, na maombi yake sikuyarudisha.

Mwalimu wa msikiti alikuja siku moja, akaketi karibu nami juu ya mchanga bila kukaribishwa. Nilidhani amekuja kunihubiria, nikaandaa majibu yangu makali. Hakuhubiri. Alinishikia upande mmoja wa wavu nikashona, naye akatazama maji. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, wewe usiye na cha kuapia, huogopi?"

"Naogopa sana," nikamwambia. "Wanasema Mdachi anarudi mwezi ujao na kiboko chake."

Akatikisa kichwa, akavuta wavu ukakaza, nami nikaendelea kushona.